Siku Eedo Halima Alipohukumu Spika Yangu

Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nimesimama mbele ya vijana wa ufundi wa redio hapa Mombasa nikiwaambia jambo moja: spika hupimwa kwa masikio, na mita ni kitu cha kuchezea. Nilikuwa mkali juu ya hilo, tena mkali kweli. Kijana akiniletea grafu aliyoichora kwa penseli na rula, naikunja mbele ya wenzake namwambia, "Haya, iweke sikioni tuisikie inavyoimba." Darasa zima linacheka, nami najiona mtu wa maana. Basi mwezi uliopita simu ikalia, mwanamke nisiyemjua, na Kiswahili chake ni kile cha Garissa ambacho sikukisikia siku nyingi. "Adeer Omari? Mimi Fardosa, mtoto ya Dekow. Baba ametangulia, Allah amrehemu. Ameacha kitu yako. Alisema ukuje mwenyewe, na ufungue mwenyewe." Adeer ni ami, ndugu wa baba. Sikuwahi kumwona msichana huyo hata siku moja, lakini kwa kuniita hivyo alinibana, nikapanda basi la asubuhi.

Kitu chenyewe kilikuwa sanduku la spika. Nililijua kabla ya Fardosa kuondoa shuka lililolifunika, maana upande wa kushoto kuna kovu la patasi iliyoniponyoka, na mwenye kazi yake haisahau. Mbao ileile, vanishi ileile niliyoipaka mara tatu. Lilikuwa sakafuni katika chumba cha Dekow, karibu na kitanda, na Fardosa akaniambia kwamba miaka yote lilikaa chini ya kitanda hicho na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata wa kufagia. Akaniletea bisibisi juu ya sinia ya chai, kana kwamba ni kijiko. Sikulifungua papo hapo. Nilikunywa chai kwanza, chai ya maziwa ya ngamia yenye ile harufu ya moshi wa kibuyu, na harufu hiyo ikanirudisha mwaka wa tisini na tano kwa nguvu nisiyoitaka.

Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na cheti, na mashine mbili nilizozipenda kupita nilivyojipenda mwenyewe: moja ya kutoa milio, kutoka mzito kabisa hadi mwembamba kabisa, na ya pili mita yenye mshale ya kupimia ukubwa wa sauti. Dekow alikuwa na chumba cha mabati karibu na soko, kuta zimetundikwa magunia matupu ili sauti isirukeruke. Alinipa nusu ya meza na nusu ya jina: kibao cha nje kiliandikwa Dekow na Omari. Alinizidi miaka mitatu tu, mrefu, mkono mwepesi, na alikuwa na masikio ya ajabu wallahi. Ukimletea redio inayokoroma, anainamisha kichwa upande wa kulia, anafumba macho, kisha anakuonyesha kidole mahali penyewe palipoharibika. Mimi nitapima nusu saa ndipo nifike palepale. Anaangalia saa yake, anacheka. "Walaal," ananiambia, yaani ndugu yangu, "mita yako inasikia hewa. Mimi nasikia mtu."

Tulibishana juu ya hilo kila siku tuliyopewa na Mungu. Adhuhuri joto likizidi tulifunga mlango nusu, tukakaa juu ya mkeka na sahani moja katikati, wali na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni, na vidole vyetu vinakutana ndani ya sahani hiyohiyo huku kila mtu akimwona mwenzake mjinga. Mimi namwambia, sikio lina hila. Chukua spika mbili zilizo sawa, moja uiongeze sauti kidogo tu, kidogo hata mtu asijue kwamba imeongezwa. Mwulize ipi nzuri. Hatakwambia hii ina sauti kubwa, atakwambia hii ni tamu, hii ni safi, hii ina uhai. Ndiyo maana kabla ya kusikiliza lazima mita isawazishe kwanza, ndipo masikio yapewe nafasi. Dekow alikuwa anaacha kutafuna akinisikiliza. Nilidhani ananisikiliza kwa sababu ninamshinda. Sasa najua kwamba nilikuwa ninamfundisha.

Mtu asiyekaa Garissa miaka ile hataelewa kwa nini spika ilikuwa jambo kubwa. Simu zilikuwa chache na barua wengi hawakuziandika, walizisema. Mtu aliye ng'ambo ananunua kaseti, anakaa peke yake chumbani, anasalimia, anasema yaliyomo moyoni pande zote mbili za utepe, kisha anampa msafiri. Kaseti inapita mikono mingi mpaka inafika kwa mama yake, na mama hana redio, au redio yake inatafuna utepe. Basi anakuja kwetu. Na ilikuwako adabu yake, hakuna aliyeiandika lakini hakuna aliyeivunja: barua ikianza, asiye wa familia anatoka nje. Fundi anaweka kaseti, anabonyeza, anashusha pazia, anakwenda kukaa benchini. Nimesikia watu wengi wakilia kupitia pazia lile na sikumtazama hata mmoja usoni anapotoka. Dekow ndiye aliyenifundisha adabu hiyo, wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa nimebaki ndani nikigeuza kifundo cha sauti, akanivuta shati. "Hiyo ni nyumba ya mtu," akaniambia. "Umesimama chumbani kwake."

Kuanzia hapo nikapata wazimu wangu. Nilitaka kutengeneza sanduku la spika kwa ajili ya sauti ya mtu anayesema. Ngoma na gitaa waachiwe wengine. Mama asikie mwanawe, si redio inayomwiga mwanawe. Nilikaa miezi minane juu ya sanduku hilo. Alfajiri, baada ya sala na kabla upepo haujaamka, nililibeba mpaka uwanja mtupu nyuma ya soko la mifugo, nikaliweka juu ya mapipa mawili mbali na kuta, nikapiga mlio mmoja mmoja na kuandika mshale ulipofika. Dekow alikuja kunisaidia kushika daftari, huku anapiga miayo. Mbuzi wakipita wakilia mshale unaruka, naye anaropoka, "Andika, andika! Mbuzi, desibeli sabini!" Tulicheka mpaka tukakaa chini mchangani. Nikirudi nabadilisha urefu wa tundu la kutolea hewa, naongeza pamba ndani, narudi tena kesho. Mstari wa grafu yangu ulikuwa na milima na mabonde, na mwezi baada ya mwezi ukalala, mpaka pale sauti ya binadamu inapokaa ukanyooka. Nilimwonyesha Dekow. Akautazama sana. "Fizuri," akasema. Hakutania siku hiyo.

Ndipo Haji Bare, mfanyabiashara tuliyemtengenezea redio zake, akatangaza kwamba anafungua duka kubwa la kaseti lenye vyumba vidogo sita vya watu kusikilizia barua zao kwa staha. Alitaka spika za vyumba vyote. Nilimpelekea grafu yangu, akaigeuza juu chini. Mtu mpole yule, hakunicheka. "Kijana," akasema, "mimi hii sijui. Kuna spika zingine mpya za kiwanda, za kutoka Nairobi, watu wamenionyesha. Tutaweka yako na yao, Eedo Halima asikilize. Akikubali yako, utanitengenezea zote, na chumba cha nyuma ni karakana yako." Eedo ni shangazi, na Halima alikuwa shangazi ya Dekow hasa, lakini mji mzima ulimwita hivyo. Wanawe watatu walikuwa nje na hakuna mwanamke aliyesikiliza kaseti nyingi kuliko yeye. Kwangu mimi maneno ya Haji yalikuwa kila kitu. Nikishinda, nina kazi niliyoizua kwa akili yangu, nina karakana, nabaki Garissa. Nikishindwa, basi miezi minane ilikuwa mchezo wa mtoto na mapipa.

Kiko kitu kimoja nilichokisikia wiki ile na nikakiacha kipite. Nilikuwa nyuma ya karakana nikinawa, na Dekow alikuwa mbele akiongea na binamu yake aliyekuwa akisafiri na malori. Kisomali changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba maji, lakini jina langu nalijua, na nilisikia jina langu, kisha "sanduuq", kisha kicheko cha yule binamu. Dekow hakucheka. Nilipoingia wakanyamaza. Nikauliza, "Mnanisengenya?" Dekow akajibu upesi, "Tunasema unakula polepole, mpaka nyama yote namaliza mimi." Nikacheka. Nilifurahi hata, kwamba wananitaja nikiwa sipo.

Jioni ya kuamkia siku ya hukumu nilimwambia kwamba nitakwenda na mita, nisawazishe spika mbili hizo mbele ya Haji kabla ya kaseti kuwekwa. Akaweka chini kikombe chake. "Omari, utaleta mashine mbele ya Eedo? Ataona unampima yeye. Mama mzima, umwekee mshale?" Nikasema lakini bila kusawazisha haina maana, nimekueleza mara mia. Akanishika bega. "Mimi nitasawazisha. Kwa sikio langu. Hilo sikio hulijui? Sanduku lenyewe nitakubebea mimi mpaka dukani, wewe lala, umechoka." Nilimwamini. Sikumwamini nusu, sikumwamini kwa shingo upande. Nilimkabidhi sanduku langu mkononi na kumshukuru.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri tulikuwa katika chumba cha kati cha duka jipya, rangi ya kuta bado inanuka. Masanduku mawili yalikuwa yamefichwa nyuma ya kanga iliyotandazwa ili Eedo asijue lipi la nani, na Haji alikuwa amepiga kura kwa vijiti: langu la kwanza, la kiwandani la pili. Eedo Halima aliingia na buibui lake, mdogo wa mwili, akakaa mkekani bila kutuangalia. Kisha akatoa kaseti kifuani. Nilidhani atasikiliza mashairi au waadhi. Hapana, alileta barua ya Yusuf, mwanawe wa mwisho, iliyofika siku hiyohiyo na ambayo hajaisikia. Haji akainuka kimya, akatoka. Mimi nikainuka. Ningefanya nini? Barua ikianza asiye wa familia anatoka. Dekow alibaki, yeye ni mtoto wa kaka yake, na ndiye wa kubonyeza. Akashusha pazia. Nikakaa benchini na Haji, mikono yangu katikati ya magoti.

Sanduku langu likaanza kusema. Kupitia pazia nilisikia sauti ya kijana, lakini haikuwa ile sauti ya sanduku langu niliyoijua. Ilikuwa imefifia, halafu chini kuna uvimbe, kama mtu anayeongea huku amejifunika blanketi. Nikajiambia ni pazia. Nikajiambia ni woga. Kisha ukimya, swichi ikalia, na sanduku la pili likaanza, na lenyewe lilipita kwenye pazia hilohilo waziwazi mpaka Haji akainua kichwa. Ndani Eedo Halima alianza kumjibu mwanawe kana kwamba yuko mbele yake. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akasema kwa Kiswahili, kwa sababu yangu, ili nisikie mwenyewe: "Hii ya kwanza, mtoto yangu iko mbali. Kama ameingia ndani ya pipa. Hii ya bili, Yusuf amekuja karibu." Nani atabishana na mama anayelia? Haji alinitazama kwa huruma. Dekow akatoka nyuma yake, akaja akaniwekea mkono begani, palepale alipouweka jana. "Pole, walaal," akaniambia. "Nilikwambia, sikio halina grafu."

Nililia siku hiyo, na nililia mbele yake, naye alininunulia chai. Sikulaumu mtu. Nilijilaumu mimi na mshale wangu. Nilijiambia, miezi minane umeufuata mstari mpaka ukanyooka, na mama mmoja kwa dakika mbili amekuonyesha kwamba mstari hauna mtoto ndani yake. Sanduku sikutaka hata kuliona, nikamwachia Dekow. Na mita, loo, nikikumbuka hili mwili wote unaniwasha, mita na mashine ya milio nilimpa yeye pia, kwa mikono yangu miwili, kama zawadi. "Mimi sina haja nazo tena," nilimwambia. Alikataa mara mbili, kisha akazipokea, akageuka kuziweka rafuni na akakaa amenipa mgongo kwa muda mrefu. Baada ya wiki moja nilipita mbele ya duka la Haji nikiwa na begi langu nikienda stendi, nikamwona Dekow amekaa nyuma ya meza ya spika za kiwandani, ni msimamizi. Nikafurahi kwa ajili yake. Nilimpungia mkono! Nikajiambia, angalau mmoja wetu amepata.

Chai ilikwisha. Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu sita za nyuma, na Fardosa akakaa mlangoni akinitazama. Pamba ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Nikaitoa. Na hapo, kwenye waya mwekundu unaokwenda kwenye spika, mahali ambapo mimi sikuweka kitu chochote, palikuwa na rezista. Kipande kidogo, cha urefu wa kiungo cha kidole, cha kuzuia umeme usifike wote. Kililehemiwa kwa mkono niliokaa nao meza moja: ncha ya waya imezungushwa mara mbili kabla ya risasi ya kulehemia, vile Dekow alivyofanya siku zote na mimi nikamtania kwamba anafunga kamba ya ngamia. Ukiweka kitu kile pale, sauti inashuka na ile ya chini inavimba. Sikuhitaji mita wala grafu kujua hilo, ni somo la mwaka wa kwanza. Nilikaa sakafuni na kitu kile mkononi. Iko mbali. Kama ameingia ndani ya pipa. Mama yule alinieleza kosa lote, neno kwa neno, kuliko mashine yoyote, na mimi niliyejidai mtu wa kupima nikainamisha kichwa nikasikia aibu yangu peke yake. Mmoja tu alidanganya chumbani mle, naye ndiye niliyekula naye sahani moja mwaka mzima.

"Zile spika za kiwandani," nikamwuliza Fardosa, "baba yako alizipata wapi?" Akashangaa. "Si zilikuwa zake na binamu yake? Mama alisema katoni zilikaa hapa ndani miezi miwili kabla duka haijafunguliwa. Mama alikuwa akilalamika hana mahali ya kubita." Miezi miwili. Kwa hiyo alikuja uwanjani alfajiri, akashika daftari langu, akacheka na mbuzi, na katoni ziko kwake ndani. Alisema "fizuri" akiutazama mstari wangu, akajua kwamba nitashinda. Nikamwuliza na mita yangu iko wapi. Akaniongoza mpaka dukani, maana lile duka la Haji sasa ni lake. Ilikuwa juu ya meza, imefutwa vumbi, kioo chake kimebadilishwa, karibu nayo daftari nene zenye mwandiko wa Dekow, safu na safu. "Hiyo alikuwa haachi," Fardosa akaniambia kwa fahari. "Hauzi spika kabla hajapima. Mteja akisema, nimesikiliza na nimeipenda, baba anasema hapana, ngoja. Alisema masikio ya mtu ni rahisi sana kudanganya." Dekow alichukua mita yangu akaishi na ukweli wangu, na mimi nikachukua uongo wake nikaupeleka Mombasa, nikaufundisha vijana wa watu, nikawakunjia grafu zao. Ni wangapi, sijui. Baadhi yao walikuwa sawa na mimi ndiye niliyewacheka.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka Dekow afufuke dakika tano tu nimkamate kola. Lakini mbele yangu alikuwa binti aliyefiwa, na akaniomba kile ambacho watoto wa marehemu huomba: "Adeer, sijui nini ilikuwa kati yenu. Kama baba alikukosea, msamehe kwa ajili ya Allah. Kaburi ni nzito." Ungejibu nini wewe? Nikasema, "Nimemsamehe." Nilisema vizuri, polepole, kwa heshima yote. Fardosa hakuitikia amin. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kulia, macho ameyafumba, vilevile kabisa kama baba yake.

"Adeer," akasema, "hiyo imetoka mbali."

Nilirudi chumbani kwa Dekow nikaanza kufunga skrubu, moja baada ya nyingine. Alikuwa amesikia sawasawa: msamaha wangu ulikuwa bado ndani ya pipa.